Kusoma Chapa za Bastola za Vita: Mwongozo Kamili kwa Mkusanyaji wa Malindi

Mzee mmoja wa mtaa wetu hapa Malindi, aliyekuwa akicheza bao na marehemu babu, aliniita baada ya alasiri nikaone "mfuko wa bastola ya Mjerumani". Ulikuwa ndani ya kasha, chini ya vikoi, umeviringishwa gazeti. Ngozi imekauka mpaka inalia ukiigusa, rangi yake si nyeusi wala si kahawia. Ni kijivu kilichoingia ukijani. Bastola yenyewe haikuwamo. Ami yake aliileta kutoka vitani, na alipofariki familia iliipeleka kituo cha polisi.

"Mjerumani huyu, mwanangu," mzee akaniambia. "Tumeambiwa hivyo tangu utotoni."

Hakuwa Mjerumani. Rangi ile peke yake ilitosha kuuliza, na kijifuko cha magazini (kisanduku cha risasi) ya akiba kilichoshonwa ubavuni kilizidi kunitilia shaka. Kwetu kila chuma cha zamani ni cha Mjerumani, kama kila jengo la mawe lisilo na mwenyewe lilivyo la Mreno. Mwongozo huu ni wa kukutoa huko: jinsi ya kuitambua bastola ya vita kwa kuiangalia tu, na jinsi ya kukusanya vitu vyake ukiwa mkazi wa Pwani ya Kenya bila kulala korokoroni.

Kabla ya yote: chuma chenyewe hukusanyi

Nalisema mapema ili tusipotezeane muda. Kuna nchi ambazo raia hununua bastola za masazo ya jeshi na kuzipanga kabatini kama vikombe vya kahawa. Kenya si mojawapo. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka kibali, na mwenye kutoa kibali ni Bodi ya Leseni za Silaha. Sheria hiyo haimaanishi bastola nzima inayofanya kazi pekee. Silaha inayoweza kutengenezwa ikafyatua tena ni silaha, na kipande chake ni silaha. Kwa hiyo "lakini imeoza kutu, mheshimiwa" si utetezi. Risasi nazo ni hivyo hivyo.

Ukiikuta bastola kashani, darini, au umeifukua ukichimba msingi, iache ilipo. Usivute chochote, usiangalie kama ina risasi, usimpe kijana aisafishe. Wazuie watoto wasiingie, ipige picha ukipenda, kisha piga simu kituoni waje waichukue. Kuitia kwenye mkoba ukapanda bodaboda kuipeleka mwenyewe ni kujitafutia kesi njiani. Ukikuta kitu cha duara au chenye mapezi, hicho si bastola wala si mada yetu: ondoka, na wengine uwaondoe.

Unachokusanya basi ni kila kilichoizunguka bastola: ala (ndio mfuko wake wa ngozi au turubai), mkanda, kamba ya kuning'iniza, kijitabu cha mafunzo, picha ya askari aliyeivaa, barua, nishani. Na ujuzi. Wenzangu wengine huona hayo ni makombo. Mimi naona ala husema ukweli kuliko bastola, maana bastola hubadilishwa vipande na kupakwa rangi upya, ala huachwa na jasho la mwenyewe.

Kuna na mwaka wa kukumbuka: 1895. Kwa Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006, kitu kinachohamishika kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa nchini kabla ya 1895 ni cha kale, na hakitoki nje ya nchi bila kibali. Ndugu zetu wa Lamu hili linawagusa zaidi. Witu ilikuwa chini ya ulinzi wa Ujerumani kuanzia 1885 hadi 1890, na Lamu palikuwa na posta ya Wajerumani ambayo nyumba yake leo ni makumbusho. Mkanda wa Mjerumani wa siku zile ukimpa mgeni aondoke nao, umemuuzia matatizo, nawe umebaki na yako.

Hatua ya kwanza: jua ni vita gani

Watu huanza na bastola. Anza na mahali. Uliza kitu kilitoka wapi na nani alikileta, kisha ukiweke kwenye ramani.

Vita vya 1914 hadi 1918 katika upande wetu vilipiganwa hasa Taita na Taveta, kisha vikaingia Tanganyika, Waingereza wakimfukuza Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Kilima cha Salaita kilishambuliwa Februari 1916. Kitu kilicholetwa na mtu aliyebeba mizigo ya jeshi au aliyekuwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki) miaka hiyo, ndicho chenye haki ya kuitwa cha Mjerumani.

Vita vya 1939 hadi 1945 ni habari nyingine. Adui aliyekuwa mpakani mwetu ni Mwitaliano. Malindi yenyewe ilidondoshewa mabomu na ndege za Italia Oktoba 1940. Mwanzoni mwa 1941 majeshi yaliyotoka Kenya, wakiwamo KAR, Waafrika Kusini na askari wa Afrika Magharibi, yaliingia Somalia. Kismayu ilichukuliwa Februari, na Mogadishu mwezi huo huo. Maelfu ya Waitaliano wakawa mateka, wengi wakaletwa Kenya. Kanisa dogo la Mai Mahiu ni kazi ya mikono yao. Ami wa yule mzee alikuwa KAR na alifika Mogadishu. Hapo nilikuwa nimeshapata nusu ya jibu kabla sijaifungua ala.

Hatua ya pili: soma umbo

Hii utaifanya makumbusho au kwenye picha. Royal Armouries ya Leeds na Imperial War Museum ya London wameweka picha za hazina zao kwenye intaneti, bure, na unaweza kuzikuza hadi uone chapa, yaani maandishi na alama zilizogongwa kwenye chuma. Tumia hizo. Usitumie video za watu wanaofyatua makopo. Hawasimamishi kitu ukaona.

Swali la kwanza: ina silinda au magazini? Silinda ile pipa dogo linalozunguka katikati, hiyo ni rivolva. Magazini inayoingia kitakoni, hiyo ni ya kujipakia yenyewe.

Rivolva ya Mwingereza huvunjika katikati. Unaikunja kama kitabu, mtutu unainama mbele na maganda yanasukumwa nje. Webley Mark VI ya 1915 ni kubwa, mtutu wa inchi 6, risasi ya .455. Enfield No. 2 iliyoingia jeshini 1932 ni nyembamba, risasi ya .38. Ukiona Enfield ambayo nyundo yake haina mkia wa kuvutia kwa kidole gumba, hiyo ni toleo la Mk I*, lenye nyota kidogo baada ya namba. Smith & Wesson za Marekani walizopewa Waingereza vitani hazivunjiki; silinda hutoka kwa ubavu, na nyingi za kuanzia 1942 namba yake huanza na herufi V.

Mrusi ana Nagant ya 1895. Hesabu matundu ya silinda: 7, wakati nyingi za wenzake ni 6. Mwitaliano ana Bodeo ya 1889, na ya askari wa kawaida ina kioja: kifyatuo hujikunja chini ya mwili kama mguu wa meza ya kukunja, wala hakina pete ya kukilinda.

Kwenye zinazojipakia, Luger ya Mjerumani huitambui kwa kuambiwa, lakini hutaisahau ukishaiona. Kitako kimelala nyuma sana, na juu kuna kiwiko chenye vifundo viwili vya mviringo kinachokunjuka kwenda juu. Walther P38 iliyoifuata ina mtutu ulio wazi mbele na nyundo inayoonekana nyuma. Beretta ya 1934 ni fupi, ya kujaa kiganjani, sehemu ya juu imekatwa wazi hadi mtutu unaonekana mgongoni, na chini ya magazini pana kimkia cha kuegemeza kidole kidogo. Tokarev ya Mrusi ina nyota kwenye vibao vya kitako. Colt M1911A1 ya Mmarekani kila mtu ameiona sinema. Nambu ya Mjapani, Type 14, mtutu wake mwembamba kama bomba la baiskeli. Pwani hii ukiambiwa imetoka kwa babu, basi babu alikwenda Burma. Nalo si ajabu: KAR walipigana huko.

Hatua ya tatu: soma chapa, na hapa usiharakishe

Umbo linakupa kabila la bastola. Chapa zinakupa jina lake, mwaka wake, na mara nyingine bwana wake.

Beretta ya 1934 ndiyo rahisi kuliko zote, na kwetu ndiyo yenye maana zaidi. Ubavuni mwa sehemu inayoteleza pameandikwa P. BERETTA CAL. 9 CORTO, mwaka wa muundo, na GARDONE V.T., yaani Gardone Val Trompia, mji wa kiwanda. Baada ya hapo kuna mwaka mara mbili: kwa tarakimu zetu, na kwa namba za Kirumi. Hizo za Kirumi ni mwaka wa utawala wa Mafashisti, unaohesabiwa kuanzia mwisho wa Oktoba 1922. Chukua mwaka wa kawaida, toa 1922, umepata namba. Kwa bastola iliyopigwa chapa baada ya mwisho wa Oktoba, ongeza moja. Kwa hiyo 1940 XVIII ilitengenezwa kabla ya Oktoba hiyo kwisha, na 1940 XIX ilitengenezwa miezi miwili ya mwisho. Siku ndege zilipokuja Malindi, mwaka wa XVIII ulikuwa ukingoni. Mjini kwetu kuna wazee wa Kiitaliano waliostaafu ambao watakusomea namba hizo bila kalamu, ila usitarajie wote wafurahie swali.

Tafuta pia taji na herufi. R.E. ni jeshi la nchi kavu la mfalme, R.M. ni la majini, R.A. ni la anga, P.S. ni polisi. Pasipo herufi hizo huenda iliuzwa kwa raia.

Luger ina mahesabu yake. Juu ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, huwa kuna mwaka, na juu ya kiwiko chapa ya kiwanda: DWM iliyosukwa pamoja, au taji na jina ERFURT kwa za vita vya kwanza. Kuanzia miaka ya 1930 Wajerumani walificha majina ya viwanda kwa alama za siri: S/42, kisha 42, kisha byf, zote ni Mauser. Kwa P38, ac ni Walther, byf ni Mauser, cyq ni Spreewerk, na kwa ac na byf tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka: ac 43, byf 44. Za Spreewerk za mwisho wa vita zina mikwaruzo ya mashine waziwazi, kana kwamba fundi alikuwa akitazama saa.

Namba ya Luger ina tarakimu zisizozidi nne na, mara nyingi, herufi ndogo. Kisha tarakimu mbili za mwisho hupigwa kwenye vipande vidogo vidogo. Zikilingana zote, ni dalili kwamba bastola haijabadilishwa vipande, na huko zinakouzwa kihalali ndiko bei inapoachana. Kipande kimoja kikisema 36 na kingine 81, imefanyiwa harusi. Tai mwenye WaA na namba ni muhuri wa mkaguzi wa silaha wa Ujerumani. Utaukuta hata kwenye ngozi.

Mwingereza ana mshale mpana unaoelekea juu, alama ya mali ya serikali. Mishale miwili iliyogusana ncha ina maana serikali imeitoa na kuiuza. Mshale ndani ya C ni Kanada. Ndani ya U ni Afrika Kusini. Hiyo U iangalie sana, kwa sababu Waafrika Kusini walipita Kenya kwa wingi wakielekea Somalia na Habeshi, wakaacha vifaa vyao kila mahali walipopiga kambi. Enfield huandikwa ubavu wa kulia chini ya nyundo: taji, ENFIELD, No 2, na mwaka.

Browning Hi-Power iliyoandikwa INGLIS ilitengenezwa Toronto, Kanada, kuanzia 1944. CH kwenye namba yake ni kwa mkataba wa China. Alama za FN ya Ubelgiji pamoja na WaA zinakuambia kiwanda kilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Nambu husomwa kwa mwaka wa mfalme: jumlisha 1925, kwa hiyo 16.5 ni Mei 1941.

Yupo rafiki yangu anayesema maandishi haya yote ni kazi ya karani. Ndiyo. Bila karani yule, tungebaki na "cha Mjerumani" hadi kiyama.

Hatua ya nne: tofautisha cha kweli na cha kubuni

Chapa ya kweli mara nyingi ilipigwa kabla ya chuma kutiwa rangi, basi rangi imezama mpaka ndani ya herufi. Iliyopigwa juzi huacha kingo zilizoinuka na kung'aa. Herufi zilizofifia huku mwili ukimeta ni dalili ya kupigwa msasa na kupakwa upya. Na kuna nakala za mafundi wa mpakani mwa Pakistani na Afghanistani zenye taji zuri kabisa, ila N imegeuzwa au ENFIELD imekosewa tahajia. Soma herufi moja moja kama unayesahihisha mtihani.

Kwa ala, kosa linalowala wengi ni kununua ya baada ya vita. Majeshi na polisi wa Ujerumani zote mbili waliendelea kutumia bastola za aina ya P38, na ala zao huuzwa zikiitwa za vita. Geuza nyuma. Ya vita ina jina la mtengenezaji, mji na mwaka, au alama ya siri ya herufi tatu, muhuri wa WaA, na neno P 38 au P.08. Pasipo chochote, au pana msalaba wa Kinazi mpya mkubwa uliogongwa katikati pa kuonekana, weka pesa zako mfukoni. Angalia uzi pia: wa nailoni hung'aa ukiuelekeza kwenye mwanga, wa kitani haung'ai. Na kagua kitanzi cha mkanda kwa ndani. Ala iliyovaliwa kweli imelainika pale.

Hatua ya tano: anza kukusanya

Anza na moja. Ningekushauri ala ya turubai ya Mwingereza ya muundo wa 1937: haina ubishi, haivunjiki, na ndani yake pana jina la mtengenezaji, mwaka na mshale. Ya ngozi ya Mmarekani, yenye US ndani ya duara la yai kwenye kifuniko, nayo ni rahisi kusoma. Ya Luger ni ngumu kama ganda la kobe, ina kijifuko cha magazini mbele na kingine ndani ya kifuniko cha kuwekea kifaa kidogo cha kufungulia. Kifaa kisiwepo si tatizo. Kikiwemo, uliza kwanza kituoni kabla hujakinunua, kwa sababu ya lile suala la vipande.

Usiokote kitu kwenye viwanja vya vita vya Taita Taveta. Ganda moja ulilolitoa mahali pake halina tena habari.

Na ukinunua kwa mzee, mwambie kweli kitu ni nini kabla ya kutaja bei. Usimlipe bei ya sahani ya halua kisha ukamuuzie mgeni Casuarina kwa bei ya mbuzi wawili. Mji huu ni mdogo.

Hatua ya sita: itunze dhidi ya kuvu

Hapa ndipo Pwani inapotushinda. Kusi ikivuma na mvua za Aprili na Mei zikishuka, ngozi huota ukungu kwa wiki moja. Usiifunge kwenye nailoni. Ifunge kwa kitambaa cha pamba, ndani yake jaza karatasi nyeupe ishike umbo lake, iweke juu, mbali na ukuta wa matumbawe unaolia maji. Ukungu ukiota, itoe nje kivulini penye upepo na uufute kwa brashi laini. Jua kali litaipasua.

Mafuta ya nazi, hapana. Najua nyanya amekuambia. Yanachacha, yanaita sisimizi, yanalisha ukungu huohuo, na ngozi inageuka nyeusi isirudi. Niliharibu ala moja kwa ujuaji huo, ya mkanda wa afisa, na hadi leo inanata. Ngozi ya zamani ikianza kuacha unga mwekundu mkononi, hakuna dawa ya nyumbani, punguza kuishika. Ile kutu ya kijani kwenye vifungo vya shaba iondoe kwa kijiti cha mianzi, kavu, taratibu.

Hatua ya saba: andika

Kila kitu kiwe na kikaratasi chake. Piga picha mbele, nyuma na kila chapa, rula ikiwa pembeni. Andika chapa kama zilivyo, hata usizozielewa. Kisha mrekodi aliyekupa, kwa maneno yake, na usimkatize pale anapokosea tarehe, kwa sababu kosa lake nalo ni habari: linakuambia familia ilisimuliana nini.

Ala ya yule mzee niliisoma chini ya taa ya simu. Kijivu-kijani ni rangi ya jeshi la Italia, kijifuko cha ubavuni kinameza magazini ya Beretta kama kidole na pete, na ukubwa wake Luger isingeingia hata kwa nusu. Hakutaka kuiuza, nami sikumwomba. Nikamwandikia kikaratasi: "Ala ya Beretta 1934. Jeshi la Italia. Si ya Mjerumani." Akavaa miwani, akakisoma mara mbili, akaniomba kalamu, akaongeza chini yake: "Ililetwa na ami kutoka Mogadishu, 1941."